Oili ya Gari la Mama

Jumatatu, 3 Machi
Mama kabla ya mashine kilo 59.4, baada ya mashine 57. Maji vikombe vitatu.

Daftari hili nimepewa na nesi wa hospitali tunakompeleka mama kusafishwa damu, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Niandike uzito wake na maji anayokunywa, basi. Lakini nisipoandika na mengine nitapasuka. Nesi akitaka uzito asome, akikuta matusi aruke.

Gari limekuja leo. Viti saba, rangi ya maziwa, nailoni bado imefunika viti. Mama ameuza shamba lake lote ili tulipate, maana mvua za mwaka jana teksi zilikataa kushuka kwenye barabara yetu ya udongo, akakosa mashine mara mbili mfululizo, akavimba mpaka macho yakawa hayafunguki. Daktari hakumung'unya maneno: akikosa tena namna ile, tusije tukamtafuta mchawi. Kwa hiyo hili si gari la matembezi. Kazi yake ni moja, kumfikisha mama kwenye mashine saa moja asubuhi, mvua inyeshe isinyeshe.

Mama hajakaa hata kwenye kiti, kaka yangu ameshafungua boneti. Mtaa mzima unamwita Spana. Ameendesha na kutengeneza malori miaka kumi na tisa, na hakuna anayeruhusiwa kusahau. Akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakinusa, akapaka kidoleni, akatema mate pembeni.

"Hii ni oili au maji ya kuoshea vyombo?"

Nikamwambia kitabu cha gari kimeandika oili nyepesi, 0W-20, na ukurasa wenyewe nimeukunja kona.

"Kitabu kimeandikwa na watu wa baridi. Injini ikipata moto, hii yote inakuwa mvuke. Gari linataka oili nzito, ishirini hamsini. Ile inashika chuma."

"Mimi nauza dawa, kaka. Karatasi ikisema kidonge kimoja sitoi vitatu kwa sababu mgonjwa mnene."

"Basi kauze dawa," akasema, akabamiza boneti mpaka mama akashtuka.

Gari halijamaliza saa moja uani, watu wameshanuniana.

Jumatano, 5 Machi
58.9, akatoka na 57.1. Niliendesha mimi. Spana alisimama getini akisikiliza injini, akatikisa kichwa. Hakuna kilicholia. Anatafuta cha kusema.

Ijumaa, 7 Machi
59. Aliendesha yeye. Njia nzima hakunisemesha, alimsemesha mama, tena kuhusu mimi. "Mwambie binti yako asiweke miguu kwenye dashibodi." Miguu yangu ilikuwa chini.

Jumatatu, 10 Machi
59.2, akatoka na 57. Joto. Mama anadai maji, mimi nanyima. Leo aliniita askari jela.

Jumamosi, 15 Machi
Kitabu kinasema oili ya kiwandani imwagwe mapema, itiwe mpya. Tukaenda gereji wote watatu, maana mama alisema gari ni lake na hataki kusimuliwa. Fundi wetu tunamwita Taratibu kwa sababu hajawahi kufanya kitu kwa haraka tangu azaliwe. Alizunguka gari mara mbili, akainama, akainuka, akajifuta mikono ambayo haikuwa imechafuka.

"Injini mpya hii, mianya yake midogo. Oili nyepesi inapita vizuri. Fuateni kitabu."

Nikamtazama Spana. Nilimtazama vizuri.

"Na ukitia nzito?" akauliza.

"Litakwenda. Asubuhi litakuwa zito kuamka, litakunywa petroli zaidi kidogo. Lakini litakwenda."

"Umesikia? Litakwenda!"

"Umesikia? Fuateni kitabu!"

Kila mtu alichukua nusu yake ya maneno. Mama alikuwa kwenye kiti cha plastiki, mkono wenye mshipa wa mashine ameuweka mapajani. Akasema, "Mimi nataka kufika. Tieni hata chai."

Ikatiwa nyepesi. Nilishinda. Naandika tena ili nesi naye asome: nilishinda.

Jumanne, 18 Machi
Leo nimechomoa kijiti, tabia tu. Oili imekuwa nzito, inadondoka polepole, harufu nyingine kabisa. Nikaenda nyuma, kwenye nyumba ya Spana na mkewe. Karibu na karo lao la kuoshea vyombo nikakuta galoni tupu limefunikwa gunia. Ishirini hamsini.

Kumbe Jumapili nilipokuwa zamu dukani, bwana mkubwa alilala chini ya gari, akaimwaga oili yangu yote, akatia yake. Hakusema. Asubuhi yake amempeleka mama hospitali anapiga mluzi.

Ebo! Mimi ni mtoto gani wa kufanyiwa hivi? Ningeweza kumwita mbele ya mama tukayamaliza. Lakini angeanza na miaka kumi na tisa, ningeanza na ukurasa uliokunjwa, mama angeshika kichwa. Nikaona bora nisiseme. Na mimi nina mikono.

Jumamosi, 22 Machi
Spana na mkewe wamekwenda kwenye msiba wa upande wa mke. Nimepandisha gari kwa jeki, nikaweka mawe nyuma ya magurudumu, nikaingia chini na beseni la kufulia. Nati ya kumwagia oili iko chini kabisa ya injini, kwenye lile bakuli wanaloliita sampu. Spana namba kumi na nne. Kazi hii alinifundisha yeye mwenyewe nikiwa na miaka kumi na miwili, wakati ule tulipokuwa tunapendana.

Yake ikashuka, yangu ikapanda. Nikakaza. Nikafuta kila tone kwa matambara. Mama alichungulia dirishani.

"Linafanywa nini hilo gari?"

"Linaoshwa, mama."

"Chini?"

"Chini ndiko kwenye tope."

"Tope gani na mvua haijanyesha?" Akafunga pazia.

Jumatatu, 24 Machi
59.3, akatoka na 57.2. Spana aliwasha gari, akasikiliza, akanitazama. Nami nikamtazama. Mama katikati yetu akasema hali ya hewa nzuri.

Ijumaa, 28 Machi
Mvua. Yote kwa siku moja. Barabara yetu imekuwa uji wa udongo. Teksi moja imekwama kwenye kona ya juu na dereva wake anatukana watu wasiohusika. Gari letu limepita. Mama alipiga makofi mawili, basi nikasahau ugomvi kwa muda wa kama dakika kumi.

Jumapili, 30 Machi
Nilirudi zamu nikakuta tone jeusi kwenye sakafu ya uani. Nikapima. Nzito tena. Sawa.

Jumatano, 2 Aprili
60.1. Umepanda. Nesi amenikemea kana kwamba mimi ndiye figo. Mama anakunywa maji kwa siri, nimekuta kikombe chini ya mto. Nyumba hii kila mtu ana siri yake ya majimaji.

Jumamosi, 5 Aprili
Nimemwaga yake. Nimetia yangu. Dakika arobaini tu, nimeshakuwa hodari.

Jumanne, 8 Aprili
Wifi amekuja kuazima pasi, akakaa. Mke wa Spana si mtu wa maneno, kwa hiyo akikaa ujue anacho. Akasema, "Wifi, unajua kwa nini mume wangu aliachishwa kazi ya malori?"

Nilijua alivyosema mwenyewe, kwamba alichoka. Kumbe sivyo. Tajiri wake alianza kuleta oili nyepesi ya bei ya chini, amkatalie asimkatalie. Lori likaja likafa mlimani na mzigo. Tajiri akageuka, akasema dereva ndiye mzembe, akamfukuza mbele ya wenzake, akamnyang'anya mpaka ufunguo wa kabati la nguo. "Tangu hapo akiona oili nyepesi, mikono inamtoka jasho. Anaona mama yenu mlimani. Lakini hatakwambia, atakutukana tu."

Ningemwambia nini? Kwamba na mimi nimeona mtu amebebwa kutoka duka la dawa la jirani na letu kwa sababu muuzaji alikisia dozi? Kwamba nikiona kitu kimeandikwa na mtu akikipuuza, namwona tena yule mgonjwa? Sikumwambia. Nilimpa pasi.

Nilimhurumia kaka yangu mpaka saa kumi na moja jioni. Saa kumi na moja jioni nilimsikia ukumbini akimwambia mama, "Huyu mwanao na kitabu chake atakuua." Huruma ikaisha hapohapo.

Jumapili, 13 Aprili
Nzito. Safari hii hakuficha hata galoni.

Jumatatu, 14 Aprili
59.8, akatoka na 57.4. Mvua. Jirani yetu, yule muuza chakula cha mifugo tunayemwita Pumba, alikuwa juu ya ukuta anaziba bati. Akanipigia kelele: "Dada, gari lenu lina ugonjwa gani? Juzijuzi naona miguu yako chini yake, jana miguu ya kaka yako. Mnapokezana zamu?"

Nikamwambia aangalie bati lake. Akacheka mpaka akashika ukuta. Spana alikuwa mlangoni kwake, amesikia kila neno. Sasa tumejua kwamba kila mmoja anajua, na bado hakuna aliyefungua mdomo. Nilidhani aibu itatumaliza. Wapi! Nilimwona anaingia ndani amekaza shingo, nikajua vita ndiyo kwanza imeanza.

Jumamosi, 19 Aprili
Nyepesi.

Nati imezunguka kirahisi mno. Nilikaza, ikakaa.

Jumatatu, 21 Aprili
60, akatoka na 57.5. Mvua bila kupumzika. Tuliporudi nilipitisha gari kwa Taratibu peke yangu, mama akiwa kitandani anapumzika. Aliingia chini, akakaa huko muda mrefu kama kawaida yake, akatoka amekunja uso. Sijawahi kumwona Taratibu amekunja uso.

"Nati ya sampu inafunguliwa mara ngapi?"

"Mara moja moja."

"Dada, usinidanganye, mimi si mama yako. Sampu hii ni ya bati laini, si chuma cha lori. Nyuzi zake zimeliwa. Tena kuna mtu ameizungushia tepu nyeupe ya mafundi bomba. Nani huyo?"

Nilijua ni nani. Kumbe na yeye ameshaona inalegea. Ameona, akazungusha tepu, akanyamaza, kwa sababu kusema ni kukiri. Na mimi nimenyamaza kwa sababu hiyohiyo.

"Nisikilize vizuri," Taratibu akasema. "Jumamosi nitapata sampu nyingine. Mpaka hapo mtu yeyote asiiguse. Iliyomo imo. Mwambie na kaka yako."

Nikasema nitamwambia.

Jumanne, 22 Aprili
Sijamwambia. Leo alipita na ndoo, nikafungua mdomo, akasema, "Sogea." Nikafunga mdomo.

Jumatano, 23 Aprili
60.3. Aliendesha yeye peke yake, mimi nilikuwa zamu asubuhi. Mchana mama akaniambia, "Kaka yako alichelewa kunileta ndani, alikuwa anaoshaosha gari." Alivyolitamka hilo neno nilishindwa kumtazama.

Alhamisi, 24 Aprili
Nimepima. Nzito.

Naandika hivi ilivyokuwa, nisije baadaye nikajidanganya. Nilijua. Taratibu aliniambia isiguswe, nilimsikia kwa masikio yangu mawili. Nikajiambia, yeye ameshaigusa jana na haijatokea kitu. Nikajiambia, kesho mvua kubwa, injini itavuta tope mlima mzima, bora iwe na oili inayotakiwa. Nikajiambia Jumamosi si mbali. Lakini ukweli ni kwamba nisingeweza kulala nikijua yake ndiyo imo na yangu imo ndani ya ndoo. Wifi alikuwa sokoni, Spana hayupo. Saa tisa alasiri nikaingia chini. Nilipokaza, spana ikafika mahali ikateleza, ikazunguka bila kushika. Nikarudisha kidogo, ikashika. Nikaongeza tepu yake mwenyewe, ilikuwa kwenye kopo lake la vifaa.

Nyepesi imo.

Ijumaa, 25 Aprili
Sikupima uzito asubuhi. Mama alikuwa anahema hata akiwa amekaa, miguu imejaa, nikaona tuondoke tu.

Kwa ajili ya mvua tulikwenda wote. Spana kwenye usukani, mimi nyuma na mama, nimemshikia mto mgongoni. Saa kumi na mbili na robo tukatoka getini. Kwenye kona ya juu gari liligonga kitu kwenye dimbwi, kishindo kidogo, jiwe labda. Spana akasema, "Limevuka." Baada ya hapo kama dakika tatu nikaona taa nyekundu inawaka mbele yake, ile yenye alama ya kopo.

"Taa ya oili hiyo," nikasema. "Simama."

"Ni oili yako nyepesi, ndiyo maana inalalamika."

"Kaka, simama!"

"Nisimame kwenye tope hili tusitoke tena? Nafika lami kwanza."

Alikuwa sahihi kuhusu tope. Na mimi nilikuwa sahihi kuhusu taa. Injini ikaanza kugonga, kwanza kwa ndani, halafu kama mtu anapiga sufuria kwa nyundo. Mita chache kabla ya lami ikanoki. Ikatoa mlio mmoja wa chuma, ikanyamaza, na magurudumu yakashika. Mvua ikasikika juu ya bati, na mama anavyohema.

Sasa niandike tulichofanya, sisi watoto wake wawili.

Tuliruka nje wote kwa pamoja. Nyuma ya gari kulikuwa na mstari wa oili unateremka na maji, umetoka kule konani. Spana akapiga magoti kwenye tope, akachota kwa vidole, akasugua. Nami nikapiga magoti upande wa pili, nikachota, nikanusa.

"Nyepesi!" akapiga kelele. "Nyepesi hii! Umeitia lini? Jana ilikuwa yangu!"

"Mikono ya nani imeimaliza nati? Nani aliyezungusha tepu akanyamaza?"

"Nilizungusha kwa ajili yako, ulikuwa unaikaza kama mfuniko wa chupa ya dawa!"

"Taratibu alisema isiguswe!"

"Alimwambia nani? Mimi aliniambia?"

"Ningekuambiaje wakati hata salamu huitikii?"

"Kwa hiyo ulijua! Ulijua ukaingia chini!"

Nikamsukuma kifuani. Mtu mzima mwenzangu, kaka yangu mkubwa, nilimsukuma akakaa kwenye dimbwi. Akaamka na kiganja kimejaa oili, akanipaka usoni. "Haya, onja, onja oili ya kitabu!" Na mimi nilikuwa nachota nyingine nimrushie. Hatukuwa na miaka kumi na miwili. Mimi nina arobaini na moja, yeye hamsini.

Nilikuwa nasikia kitu kinagonga, ngo, ngo, nikadhani injini. Hakikuwa injini. Alikuwa mama, anapiga kioo kwa pete yake. Sijui alikuwa amepiga kwa muda gani. Pumba ndiye aliyemwona. Alikuwa anapita na pikipiki yake ya magurudumu matatu, ile ya mizigo, magunia yamefunikwa turubai. Akasimama, hakutusalimia, akafungua mlango wa kusukuma. Mama midomo imebadilika rangi. Pumba akamwinua, akamketisha katikati ya magunia, akamfunika turubai mpaka kichwani.

Nikakimbilia kupanda. Mama akatoa mkono chini ya turubai, akanizuia. Hakuwa na pumzi ya maneno mengi. Akasema, "Malizeni."

Wakaondoka. Tukabaki barabarani na gari.

Walifika saa mbili na nusu. Mashine ya mama ilikuwa imeshapewa mtu mwingine. Walimweka kwenye oksijeni, wakamchoma sindano, wakatafuta mashine nyingine mpaka saa tano. Nesi aliniambia baadaye kwamba mapafu yalikuwa yamejaa maji, na kwamba wangechelewa saa moja zaidi tusingekuwa tunaongea naye. Aliniambia hivyo huku ananitazama usoni. Nilikuwa bado na oili kwenye shavu.

Jumamosi, 26 Aprili
Mama amelazwa. Nilikwenda, alikuwa amefumba macho. Spana alikwenda mchana, naye akakuta amefumba. Wifi alikwenda jioni, akaongea naye nusu saa nzima.

Jumatatu, 28 Aprili
Sijui uzito.

Taratibu amevuta gari mpaka gereji. Injini haifai, inatafutwa nyingine. Hakutulaumu. Alitoa sampu, akaiweka juu ya meza mbele yetu, tundu la nati limekuwa laini kabisa kwa ndani, akaenda kunywa maji. Mimi na Spana tukabaki tunaliangalia. Nilitaka kusema pole. Akasema, "Ungeniambia." Nikasema, "Na wewe." Basi, kila mtu akaenda zake.

Alhamisi, 1 Mei
Mama ametoka. Hakurudi na sisi. Alirudi na Pumba. Mvua inaendelea.

Ijumaa, 2 Mei
Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa nimeshaita teksi, dereva amekubali kusubiri kwenye lami, mwavuli mkononi. Spana naye alikuwa amekodi gari la rafiki yake. Tukakutana mlangoni kwa mama, kila mtu na usafiri wake, tukaanza palepale, ya nani iko karibu, ya nani ina viti vizuri. Mama akatoka amevaa koti la mvua, akapita katikati yetu, akaenda kupanda pikipiki ya mizigo. Pumba amemwekea kiti cha mbao chenye mto na paa la turubai. Hakugeuka.

Jumatatu, 5 Mei
Niliomba ruhusa dukani, nikaenda hospitali mwenyewe kuuliza anaendeleaje. Nesi ni yuleyule aliyenipa daftari. Akafungua faili, akalifunga.

"Siwezi kukupa habari zake."

"Nesi, mimi ni binti yake. Daftari si ulinipa wewe?"

"Najua. Amebadilisha mwenyewe wiki iliyopita. Wa kupigiwa simu na wa kuulizwa ni jirani." Akageuza karatasi nione. Palipokuwa na jina langu pamepigwa mstari, na chini yake la Spana, mstari uleule umepita kwa wote. Juu yake mwandiko wa mama, umetetemeka: Pumba, na namba ya simu.

Nikakaa kwenye benchi la ukumbini. Kupitia kioo cha mlango nilimwona mama kwenye kiti cha mashine, mkono umefungwa mirija, anatazama dari. Nililia, sioni sababu ya kuficha. Nilikuwa na daftari hili mapajani, miezi miwili ya kilo na vikombe, nikaona nilivyokuwa najua uzito wake kwa nukta na sikujua kwamba alikuwa anatuogopa.

Spana akaja. Hakushangaa kuniona. Akakaa mwisho wa benchi, nafasi ya mtu mmoja katikati. Akasafisha koo.

"Taratibu amepiga simu. Injini imepatikana. Anauliza tutie oili gani."

Nikafuta uso. Nilikuwa nimechoka mpaka kwenye mifupa. "Mwambie atie nzito, kaka. Yako."

Akanigeukia. Macho yake yalikuwa mekundu. "Hapana. Atie ya kitabu. Yako."

"Nimesema nzito."

"Na mimi nasema nyepesi. Mimi ndiye mkubwa, nikisema nimekubali nimekubali."

"Sasa unaona? Hata kukubali unataka ukubali wewe kwanza!"

"Nani alianza? Nimekuja hapa kwa nia njema, wewe unanipandishia sauti hospitalini!"

"Sauti imepanda ya nani? Ya nani?"

Sijui tulisimama saa ngapi. Mlango ukafunguliwa, nesi akatoka, uso umekaza.

"Mama yenu anasema mtoke."

"Nani?" tukauliza wote wawili.

"Wote."

Watu wa mabenchi mengine walikuwa wanatutazama. Spana akashusha mabega, akachukua kofia yake, akapiga hatua mbili kuelekea nje. Halafu akarudi, akainamisha kichwa kwa nesi na kuuliza kwa sauti ya chini, "Samahani. Amemtaja nani kwanza?"

Na mimi, Mungu anisamehe, nikasimama kusubiri jibu.